Mafunjo na magugu maji ya Akagera: nani ana akiba ya kutosha chini?

Na Mwandishi Wetu

WANAOVUKA Rusumo kila wiki na bidhaa zao wameshayazoea magugu maji. Yanateremka na mto Akagera mafungu kwa mafungu, majani mabichi yanayong'aa, maua ya zambarau yamesimama juu, yanaelekea Tanzania na Uganda bila pasi wala ushuru. Kandokando ya mto huo huo yamesimama mafunjo, ambayo Wanyarwanda na Warundi huyaita urufunzo, yale yale yanayosukwa mikeka inayouzwa katika masoko ya pande zote za mpaka.

Mimea hii miwili inagombania mahali pamoja, yaani maji ya pembeni yaliyotulia, penye tope na jua la kutosha. Mmoja ni mwenyeji tangu zamani za kale. Mwingine ni mgeni kutoka bonde la mto Amazon huko Amerika Kusini, aliyeingizwa Afrika kwa sababu watu walipenda maua yake wakampanda bustanini na kwenye mabwawa. Huko Ziwa Victoria mgeni huyu alionekana kwa mara ya kwanza kati ya mwaka 1989 na 1990, na Akagera ni mojawapo ya njia zilizomfikisha.

Ugomvi wao watu huupima kwa macho, wakatazama nani ametanda zaidi juu ya maji. Wataalamu wa mimea wao hupenda kuchimba chini wakatazama nani ameweka akiba ya wanga, na ya kiasi gani. Jambo hili linamhusu moja kwa moja mkata mafunjo, mvuvi, na mfanyabiashara anayenunua mikeka kijijini akaivusha mpaka, kwa sababu panga likitumika vibaya linaweza kumfilisi mwenyeji huku likimwacha mgeni akiwa na mtaji wake wote.

Wanga ni nini kwa mmea

Kila mmea wa kijani hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua. Sukari nyingine huitumia siku hiyo hiyo kukua na kupumua. Inayobaki huigeuza kuwa wanga na kuiweka mahali salama. Muhogo huweka mizizini, nasi tunakwenda kuuibia. Mgomba huweka katika kisiki chake, ndiyo maana ukiukata hadi chini bado unachipua. Siku majani yakifyekwa, yakaliwa na mifugo au yakaungua, mmea unakuwa hauna kiwanda tena. Hapo huvunja akiba yake, huigeuza tena kuwa sukari na kusukuma machipukizi mapya juu, mpaka majani hayo yaanze kujitegemea na kurudisha deni.

Mfugaji anayekata mabingobingo kwa ajili ya ng'ombe wa zizini anaijua hesabu hii hata kama hajasoma biolojia. Ukikata mara ya kwanza, yanarudi manene. Ukirudi kabla hayajapevuka, yanarudi membamba. Ukiendelea hivyo msimu mzima, shina zima linakufa na mahali pake panaota majani usiyoyataka. Kilichotokea ni kwamba deni halikulipwa kabla ya mkopo mwingine kuchukuliwa.

Ghala la mafunjo na mkoba wa gugu maji

Mafunjo yana ghala kubwa. Ukizamisha mkono katika matope chini ya fito zake utakuta shina nene lililolala, lenye pingili kama tangawizi ila kubwa kuliko tangawizi yoyote ya sokoni. Mashina hayo hufungamana na mizizi hadi yakawa zulia zito, na mahali penye kina zulia hilo huelea na watu wakatembea juu yake. Humo ndimo wanga unamokaa, pamoja na sehemu kubwa ya rutuba ya mmea. Ufito mmoja wa mafunjo huishi miezi kadhaa tu, na kabla haujakauka hurudisha chini sehemu ya rutuba yake ili itumike na machipukizi yanayofuata. Wamisri wa kale walijua kuna chakula humo. Mwanahistoria Mgiriki Herodotus aliandika, yapata miaka 2,400 iliyopita, kwamba walikata sehemu ya juu kwa kazi nyingine na ile ya chini wakaichoma na kuila.

Gugu maji halina ghala la namna hiyo. Linaelea, kwa hiyo likibeba mzigo mkubwa litazama. Akiba yake ipo katika kitako kifupi, pale majani yote yanapokutana na mizizi. Kitako hicho hukaa chini kidogo ya uso wa maji, kimezungukwa na vikonyo vilivyojaa hewa. Watafiti wa kikosi cha wahandisi wa Jeshi la Marekani, ambao walihangaika na gugu hili kwa miaka mingi katika mito ya kusini mwa nchi yao, walilipima sehemu kwa sehemu na kukuta kwamba kitako ndicho kinachoshika akiba ya wanga. Majani yakiuawa na baridi, kitako kikisalimika, mmea unafufuka.

Kwa lugha ya sokoni, mafunjo ni mkulima mwenye maghala yaliyojaa ambaye hana haraka. Gugu maji ni mchuuzi mwenye mkoba mdogo kiunoni, lakini anauzungusha mtaji wake kila siku. Sukari yake nyingi huenda kwenye majani mapya na kwenye vikono vinavyotambaa juu ya maji, na mwisho wa kila kikono kuna mche mwingine kamili. Maji yakiwa na joto na rutuba ya kutosha, magugu hayo huweza kuongezeka maradufu katika muda wa wiki mbili hivi. Na rutuba haikosekani. Kila mvua kubwa inapopiga milima ya Rwanda na Burundi, udongo na mbolea za mashambani hushuka hadi mtoni.

Msomaji anayetaka kujionea mwenyewe anunue chupa ndogo ya ayodini duka la dawa. Apasue kitako cha gugu maji kwa kisu, adondoshe tone moja. Mahali penye wanga hugeuka rangi ya buluu iliyokolea hadi kukaribia weusi, kama vile muhogo mbichi unavyogeuka. Afanye hivyo hivyo kwa kipande cha shina la mafunjo la chini ya tope. Kisha, kama anaijua sehemu iliyokatwa mara nyingi mwaka huo, achukue kipande cha huko pia alinganishe rangi.

Fukusi waliolenga mkoba

Waliokuwa Uganda, Kisumu, Bukoba au Mwanza miaka ya 1990 wanakumbuka hali ilivyokuwa. Bandari za Port Bell na Kisumu zilizibwa, mitumbwi ikashindwa kutoka, samaki wakaoza kwa kukosa njia ya kufika sokoni. Mwaka 1998 magugu yalifunika zaidi ya hekta 17,000 katika ghuba ya Winam, upande wa Kenya peke yake. Mashine zilikata na kusaga. Vijana walivuta kwa mikono. Magugu yakarudi.

Kilichobadilisha mambo ni wadudu wawili wadogo wa jamaa ya fukusi, ndugu wa mbali wa wale wanaotoboa mahindi ghalani, walioletwa kutoka kwao gugu hilo na kuachiwa ziwani kuanzia mwaka 1995. Fukusi mkubwa hula ngozi ya jani akaacha makovu. Hilo peke yake gugu lingelivumilia. Adui hasa ni mtoto wake, funza mweupe, ambaye hutoboa kikonyo akashuka nacho taratibu hadi kwenye kitako na kukila. Kwa hiyo gugu hupigwa pande mbili kwa wakati mmoja. Juu linalazimika kuchukua akiba ili kufidia majani yaliyochakaa, na chini akiba yenyewe inaliwa. Vikonyo vikitobolewa huingia maji na kuoza, kisha mmea mzima unazama. Mawimbi na mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 vilisaidia kuyavunja mafungu, na wataalamu hadi leo wanabishana ni nani apewe sifa zaidi, fukusi au hali ya hewa. Mwandishi wa makala haya anaona wote walifanya kazi, maana gugu lililokwisha kuishiwa halihimili misukosuko.

Hata hivyo ushindi haukuwa wa milele. Mvua kubwa za mwisho wa mwaka 2006 zilileta rutuba mpya na mbegu zilizolala topeni zikaota, na mwaka 2007 Winam ilikuwa kijani tena. Mbegu za gugu hili huweza kukaa topeni hata miaka 20 zikiwa hai. Fukusi nao huhitaji muda kuongezeka, kwa hiyo kila mlipuko mpya wa magugu huanza ukiwa mbele yao kwa miezi.

Panga na mafunjo

Sasa turudi kando ya Akagera na mabonde yake. Anayefyeka majani ya magugu maji kwa panga au fyekeo ili mtumbwi upite, anayapunguzia uzito tu. Vitako vinabaki majini na mkoba kiunoni. Kinachofaa ni kung'oa mmea mzima na kuuweka juu mbali na mahali maji yanapofika wakati wa mafuriko, mpaka kitako kikauke kabisa. Majani hukauka siku chache, lakini kitako kilichofunikwa na rundo bichi hukaa hai muda mrefu zaidi. Wengi hurundika ukingoni, mvua ikija mto unayachukua tena. Kazi ya mchana kutwa inakuwa imepotea.

Kwa mafunjo hesabu inageuka. Hapa panga linagusa ghala hata kama halilifikii. Uchunguzi uliofanywa katika mafunjo ya Ziwa Naivasha, Kenya, umeonyesha kwamba yakikatwa na kuachwa yapumzike kiasi cha mwaka, hurudi vizuri. Yakikatwa tena baada ya miezi michache, fito zinazorudi huwa chache na nyembamba. Msusi wa mikeka anaweza kulijua hilo bila mizani, kwa kuhesabu tu fito zinazohitajika kumaliza mkeka mmoja. Na mnunuzi wa mpakani ataliona katika mkeka wenyewe, unaokuwa mwepesi, unaovunjika unapokunjwa.

Mbaya zaidi ni kukata chini ya maji. Mafunjo, kama mimea mingine ya majini, hupeleka hewa kwenye mashina yake ya chini kupitia ndani ya fito, na hata kisiki cha ufito kikibaki juu ya maji huendelea kuwa bomba. Ukikikata chini ya uso wa maji, bomba limezibwa. Shina lililokosa hewa halifi siku hiyo. Huanza kuvunja wanga kwa njia nyingine, ile ile inayogeuza maji ya ndizi kuwa urwagwa, yaani kuchachua. Njia hiyo hutoa nguvu kidogo sana kwa kila kiasi cha wanga kinachotumika, kwa hiyo ghala ambalo lingetosha miezi hupukutika upesi, na pombe inayotengenezwa humo ndani inadhuru shina lenyewe. Kwa matete na mimea ya jamii yake, wataalamu wa Ulaya na Marekani hutumia ujanja huo kwa makusudi pale wanapotaka kuiua.

Moto nao una mambo yake. Bwawa likiwa na maji, moto huunguza fito na kuacha mashina salama topeni, nayo yanachipua. Kiangazi kikali kikikausha tope lenyewe, moto huingia chini ukaunguza ghala kwa siku nyingi. Hapo hakuna cha kurudi.

Mafunjo yakipungua ukingoni hufungua vighuba vidogo vyenye jua, visivyo na mkondo. Ndivyo magugu maji yanavyovipenda. Hayahitaji kumshinda mwenyeji aliye na nguvu. Yanasubiri mwenyeji aliyekwisha kufilisiwa.

Ushauri wa nchi za baridi

Kuna jambo ambalo ningependa wanaopanga miradi ya mabwawa walitazame kwa makini. Vitabu vingi vinavyoshauri namna ya kupambana na mimea vamizi vimeandikwa kutoka nchi zenye majira ya baridi. Mfano mzuri ni pwani ya Atlantiki ya Marekani. Huko wana matete ya asili, na wana matete ya ukoo mwingine kutoka ng'ambo, yanayofanana nayo mno kwa macho. Mtafiti Kristin Saltonstall alitumia vinasaba, pamoja na majani makavu yaliyohifadhiwa makumbusho, akaonyesha mwaka 2002 kwamba ukoo wa kigeni ndio uliotanda na kuchukua nafasi ya wenyeji. Matete hayo hushusha sukari zake ardhini mwishoni mwa kiangazi, yakijiandaa kwa baridi, na ndipo wao hupiga dawa, ili dawa ishuke pamoja na sukari hadi kwenye mashina ya chini.

Akagera haina kipindi hicho. Joto na urefu wa mchana havibadiliki sana mwaka mzima, mafunjo huchipua kila mwezi, gugu maji nalo hali kadhalika. Akiba huku haiwekwi kwa ajili ya baridi. Huwekwa kwa ajili ya panga, moto, kiboko, ukame na maji yanayopanda ghafla. Kwa hiyo kuuliza mwezi gani ni mzuri wa kukata hakusaidii sana. Linalosaidia ni kuuliza mahali hapa palikatwa lini mara ya mwisho, na maji yako kiwango gani leo.

Ardhi ya waliorejea

Suala hili lina upande wake mzito kwa waliorejea nchini. Baada ya mwaka 1994 watu wengi walirudi kutoka Uganda, Tanzania, Burundi na Kongo wakihitaji mahali pa kulima na kuchunga. Mwaka 1997 hifadhi ya Akagera ilipunguzwa kwa zaidi ya nusu ili kupata ardhi ya kuwapa. Mabonde mengi yaliyokuwa na mafunjo yaligeuzwa mashamba ya mpunga na viazi vitamu. Mwenye njaa hawezi kulaumiwa kwa kulima. Lakini bonde lililobaki sasa linabeba kazi ya mabonde kadhaa. Linachuja udongo, linatoa fito za mikeka na kuezekea, linahifadhi samaki wadogo, na linakatwa na watu wengi kuliko zamani. Hata zile fikra za miaka ya 1980, pale Rwanda ilipojaribu kugandamiza mafunjo yaliyokaushwa yawe kuni, zilitegemea swali hili hili la muda wa kupumzika.

Vyama vya ushirika vinavyokata mafunjo vingeweza kuligawa bonde vipande vinne, kipande kimoja kikakatwa kila miezi mitatu, hivi kwamba kila kipande kinapumzika mwaka. Ndani ya kipande, zikatwe fito zilizokomaa na machipukizi yaachwe, kisiki kibaki juu ya maji kwa kiasi cha kiganja au zaidi. Ukanda wa mwisho unaogusa maji ya wazi usikatwe kabisa, maana ndio ukuta unaozuia magugu kuingia ndani. Kwa mwanachama anayetegemea kuuza kila Jumamosi hili linauma, na chama kisichokuwa na fedha ya kumshika mkono katika miezi ya mwanzo kitashindwa kulisimamia. Hapo ndipo wafadhili wanaopenda kununua mashine wangefikiria upya.

Upande wa chini ya mto wana sababu yao ya kufuatilia. Mto Ruvubu wa Burundi na Nyabarongo ya Rwanda hukutana karibu na Rusumo, mahali penye mtambo wa umeme wa megawati 80 unaogawanywa kati ya Rwanda, Burundi na Tanzania. Mimea inayoelea na mitambo ya umeme havipatani. Aprili 2020, Ziwa Victoria lilipopanda, kisiwa kizima cha mimea kilichong'oka kilikwenda kukwama kwenye mtambo wa Jinja na Uganda nzima ikakosa umeme.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani, tahadhari ni ndogo lakini zina maana. Samaki na mboga zisifunikwe kwa magugu maji mabichi ili zisinyauke njiani, kama baadhi wanavyofanya, kwa kuwa kitako kimoja kilichotupwa kwenye mtaro wa soko kinatosha kuanzisha ukoo bwawani. Nyavu na mitumbwi inayohamishwa kwa gari kutoka ziwa moja hadi jingine ikaguliwe. Na anayenunua magugu yenyewe kwa ajili ya kusuka vikapu au kutengeneza mboji akumbuke kwamba zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji. Ayanunue makavu, yaliyokatwa vitako huko huko yalikovunwa, na vitako hivyo vikachomwe moto palepale kabla gari halijaondoka.